Bahili wa Picha

Hapa kitengo cha mionzi, hospitali ya mji wa Multan, tunamwita Tehmina bahili, na jina limemkaa. Ni mjane wa miaka arobaini na sita, hana mtoto, na chai yake hunywa peke yake. Ubahili wake ni wa picha. Kabla ya kumpiga mtoto mionzi ya kuua saratani, mashine humpiga picha tuone kama amelala palepale pa jana. Picha nayo ni mionzi. Ni midogo, lakini mtoto ana miaka mingi ya kuishi nayo, na Tehmina hamwongezei hata moja bila sababu.

Jumanne ile zamu ilikuwa ya Shahmir, wa miaka mitano, mwenye uvimbe kwenye figo. Picha ikatoka na mistari myeupe tumboni. Tehmina akadhani mtoto amejitikisa, akapiga ya pili. Mistari ileile. Akaingia, akapapasa kiuno cha suruali ya mtoto, akakuta hirizi yenye kikasha cha bati imeshonewa kwa ndani; bati ndilo lililotia mistari.

Tukamwita mama yake, Sughra.

"Baji, dada yangu, si ulinikataza nisimvishe shingoni?" alisema. "Shingoni sikumvisha."

Mimi nilicheka. Tehmina hakucheka, aliogopa. Wiki iliyotangulia alimweleza mama mwingine ukweli wa namna hii, wa picha iliyorudiwa, yule akambeba mwanawe akaenda zake kwa pir, shehe wa kuombea wagonjwa, wa kijijini kwao, wala hakurudi. Na Shahmir alikuwa amebakiza siku tisa za matibabu.

"Nyamaza tu," nilimnong'oneza. "Picha moja haiui."

Hakunisikiliza. "Nimempiga picha moja ya ziada," alimwambia Sughra. "Kosa langu, ningepapasa kabla ya kuirudia. Huenda isimdhuru. Ila maji yakishamwagika hayazoleki, siwezi kuitoa tena mwilini."

Sughra aliigusa hirizi kiunoni mwa mwanawe. "Nilimshonea kwa sababu mnatutoa nje sote. Mlango ukifungwa, nani anabaki naye humu?"

Tehmina angeweza kusema kwamba yeye humtazama kwenye skrini. Nilimwona akilitafuta jibu hilo, kisha akaliacha.

"Hakuna, dada."

Sughra akafumua uzi kwa meno, akaichukua hirizi, akambusu mwanawe kwenye paji la uso. Akatoka kabla hajaambiwa.

Tehmina alifunga mlango, akapiga picha moja tu, akamwona Shahmir kwenye skrini amelala peke yake, akaanza kulia.