Kebo Chini ya Jeneza

Tak. Mlio mdogo tu, kama mtu amevunja kijiti kikavu nyuma ya kiti changu. Nilidhani ni msumari wa jeneza. Ukaja mwingine, tak, tulipopanda tuta la pili baada ya kupita Malava, ikafuata harufu ya plastiki inayoungua, kisha moshi ukaanza kupanda polepole kati ya mashada ya maua ya karatasi. Mpaka leo mtu akivunja kuni karibu nami, lazima nigeuke.

Gari lilikuwa la mzee mmoja wa Chekalini, mkulima wa mahindi. Lile refu la zamani, mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu, taa za mbele kama macho ya mtu aliyeshtuka. Alikuja nalo gereji yetu mjini Kakamega likivutwa kwa kamba, bibi yake akiwa mochari siku ya tatu.

"Nilimtoa kwao nalo," alimwambia fundi wangu. "Aliniambia nitamrudisha nyumbani nalo. Mazishi ni Jumamosi."

Fundi alifungua boneti akapiga mluzi. Pale betri inapokaa, bati lilikuwa limeliwa na asidi mpaka ukiligusa linabaki mkononi kama biskuti iliyolowa chai. Hakuna mahali pa kuchomelea. Akaamua betri ihamie kwenye buti, kwenye kona ya gurudumu la akiba, na kebo moja nene itoke huko mpaka mbele kwenye stata, ile mota ya kuwashia injini. Akanitazama. "Madam, hiyo ni yako."

Mimi nilifurahi, sitaficha. Shule niliacha kidato cha pili, lakini waya ulinikubali. Nilikuwa tayari nimejichorea akilini kibanda changu, rangi ya manjano, na bango lenye picha ya msichana ameshika tochi. Kebo ile ilikuwa kazi ya kwanza niliyopewa yote peke yangu. Viti vya nyuma tulishaving'oa ili jeneza lipate nafasi, kwa hiyo sakafu ilikuwa wazi kama uwanja. Nikachukua kamba ya katani, nikapima kutoka kwa betri hadi mbele, katikati moja kwa moja, kebo ikanunuliwa kwa urefu huo huo. Ilipofika, nikaona inapita juu ya vile vyuma viwili vilivyobaki vya kushikia viti. Kuizungusha pembeni, chini ya milango, haikutosha. Nikaifunga tyubu ya baiskeli pale inapogusa chuma, mizunguko mitatu, nikalaza kapeti juu. Ilipendeza.

"Na fyuzi?" nilimuuliza fundi.

"Hata kiwandani hawakuweka hapo."

Ni kweli. Lakini kiwandani betri ilikuwa hatua moja kutoka kwa stata. Sasa moto wa betri ulikuwa unatembea urefu wa gari zima bila kitu cha kuukata ukipotea njia. Hilo nilikuwa nalijua. Nilinyamaza kwa sababu gari liliwaka mara ya kwanza, na yule mzee alisimama karibu na taa akizifuta kwa mkono wa koti lake.

Sikufikiria uzito. Nilipima gari likiwa tupu.

Jumamosi fundi aliendesha, mzee dirishani, mimi katikati. Basi la kukodi lilitufuata na watu wa nyumbani. Jeneza lilikuwa limelala juu ya kapeti, na kila tuta lilikuwa linalinyanyua na kulishusha juu ya vile vyuma, na kebo yangu ilikuwa hapo katikati. Moshi ulipotokea, gari likazima lenyewe. Fundi aliruka, akafungua nyuma, akang'oa kichwa cha betri kwa kitambaa. Wanaume wakashuka basini mbio wakatoa jeneza, na kwa kuwa hakukuwa na pengine, wakaliweka chini kando ya shamba la miwa, juu ya leso ambazo akina mama walivua viunoni haraka.

Kwetu maiti ikiwa njiani kurudi nyumbani haiwekwi chini. Kila mtu aliyekuwa pale alilijua hilo. Kisha dada ya mzee, shangazi wa boma lile, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza chumvi:

"Amekataa."

"Ni waya, mama," fundi alisema, lakini kwa sauti ya chini, na hakurudia.

"Mtu hakatai kwenda kwake bure. Kuna mtu hapa anajijua."

Nikaona macho yakihama, moja moja, yakitua kwa mke wa kijana wao wa mwisho. Mwanamke mwembamba, mtu wa Butere, mtoto mgongoni. Baadaye niliambiwa alikosana na mama mkwe wake, yaani marehemu, juu ya jiko, na wiki ya mwisho ya ugonjwa alikuwa ameenda kwao. Mume wake alikuwa pale. Aliangalia viatu vyake.

"Mimi nilienda kwa sababu mtoto alikuwa na homa," alisema. "Baba anajua."

Mzee hakusikia, au hakutaka. Alikuwa ameinama juu ya jeneza akiongea na bibi yake. "Mama, ni mimi. Tumebakisha kidogo. Usiniaibishe barabarani."

"Piga magoti umwombe," shangazi alimwambia yule mwanamke. "Unangojanga nini? Jua linaenda."

Wakati huo fundi na mimi tulikuwa tumehamisha betri mbele, karibu na viti, tukipitisha dirishani zile kebo mbili za vibanio ambazo hutumika kuazimana moto. Kimoja nilikibana kwenye mwili wa injini. Cha pili kilikuwa mkononi mwangu. Nilimwona yule mwanamke akimfungua mtoto mgongoni, akampa mtu, akapiga magoti kwenye kokoto. Alisema maneno ambayo hayakunihusu lakini niliyasikia yote. "Mama, kama nilikukosea kwa mdomo, unisamehe. Kwa mkono sikukukosea."

Nikakibana kile kibanio kwenye stata. Fundi akageuza ufunguo. Gari likawaka.

Watu waliguna kwa pamoja. "Mmeona?" shangazi alisema. "Mmeona wenyewe?"

Nilikuwa bado nimeinama juu ya injini. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Fundi alinisogelea kama anayekagua mkanda wa feni. "Sikiza, msichana wangu. Marehemu akikataa gari, ni marehemu amekataa. Ukisema ni waya, ni sisi."

Nikafunga mdomo. Nilibeba betri katikati ya miguu yangu mpaka Chekalini, vidole vikinuka plastiki, na bibi wa watu nyuma yangu kimya. Kule nyumbani niliona yule mwanamke akipelekea wageni maji ya kunawa, na wageni wakingoja mtu mwingine alete.

Baada ya wiki tatu mzee alituletea zile kebo za vibanio. Nikamuuliza habari za nyumbani. "Tumetulia," alisema. "Yule binti wa Butere amerudi kwao. Dada yangu anasema ni afadhali."

Jumapili iliyofuata sikwenda kanisani. Nilitia kwenye begi kipande cha kebo kilichoungua, nilichokitoa garini siku ya mazishi, kimekatwa na chuma mpaka shaba ikaonekana, pamoja na kebo mpya ndefu, raba na fyuzi kubwa, nikaenda Chekalini bila kumwambia fundi. Niliwakuta mzee na dada yake wakipukuchua mahindi. Nilisema yote nikiwa nimesimama. Niliogopa kuketi.

Shangazi alinisikiliza, mikono ikiendelea na mahindi. "Wewe msichana wa grisi. Kama ni waya, mbona liliwaka alipoomba msamaha?"

"Ni mimi nilibana kibanio, shangazi. Ilitokea tu kwa wakati mmoja."

"Ilitokea tu." Akatupa gunzi kwenye rundo. "Na ni nani alipanga itokee?"

Nikamnyooshea mzee kile kipande cha kebo. Alikichukua akaweka kidole gumba kwenye mkato, akakisugua kwa muda mrefu.

"Alipiga magoti kwenye kokoto," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nilijua mtoto alikuwa na homa." Akanirudishia kebo. "Butere ni mbali. Na sijui kama wazazi wake watanifungulia. Wewe enda nyumbani sasa."

Sikwenda. Gari lilikuwa bandani, vumbi juu, kuku ametaga kwenye kiti cha dereva. Nilihamisha yai. Nikang'oa kapeti, nikapitisha kebo mpya pembeni, chini ya milango, nikitia raba kila tundu, nikafunga fyuzi shibiri moja kutoka kwa betri. Kazi ya saa tatu. Hakuna aliyekuja kuangalia. Nilipogeuza ufunguo liliwaka, nikaliacha lingurume kidogo, nikitazama mlango wa nyumba. Haukufunguka.

Nikalizima. Nikafuta zile taa mbili kwa mkono wa ovaroli yangu, nikauacha ufunguo ukining'inia mahali pake.