Ishirini na Tano au Thelathini na Mbili

Kwetu mgeni haagwi mlangoni. Kumuaga mlangoni ni sawa na kumfukuza. Hata kama alikuja kukusema vibaya sebuleni kwako na chai yako mkononi, akiinuka na wewe unainuka, unavaa kandambili, unamtoa mpaka njiani. Nimelelewa hivyo, na tabia hiyo nilikuja nayo Durban, nikaitunza miaka mingi, mpaka siku niliponyang'anywa simu. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua linawaka, natoka kumsindikiza dada yangu.

Walikuwa wawili na kisu kimoja. Simu niliitoa kwa mikono miwili, kwa adabu zote, na nikasema asante. Mpaka leo sijui niliwashukuru kwa lipi.

Dada amenizidi miaka saba. Ni msusi katika saluni moja ndogo mjini, anaishi Cato Manor, na kila Jumapili akitoka kanisani alikuwa anakuja kwangu Glenwood na hotpoti ya pilau, maana anaamini mwanaume anayeishi peke yake hula mkate tu. Anaamini sawasawa. Mimi nashona mapazia chumbani mwangu, wateja wananiletea vitambaa na kuja kuvichukua, na wiki inaweza kupita sijavuka geti. Safari yangu ndefu ilikuwa ile ya Jumapili: kutoka getini kupanda kilima mpaka kwenye robot, yaani taa za barabarani, taksi zinaposimama. Dakika kumi za kwenda, dada akinisimanga kwa kutooa, dakika kumi za kurudi nikitafuta majibu ambayo ningempa.

Baada ya simu kwenda, nilimtangazia kwamba sitoki tena mikono mitupu. Nanunua bastola. Ndogo, ya mfukoni, kwa kibali, kwa sheria.

"Wewe?" akacheka mpaka akashika ukuta. "Wewe unayemwita jirani akuulie mende?"

"Tutaagana getini mpaka nitakapoipata tu, dada. Vumilia kidogo."

"Haya, afande."

Kweli nilikwenda. Mteja mmoja wa mapazia alinipa lifti mpaka Westville, kwenye duka la silaha. Muuzaji alikuwa mzee mpole, miwani inaning'inia kifuani. Aliniuliza kama nina cheti cha mafunzo. Sina. Nimewahi kufyatua? Sijawahi. Akashusha pumzi, akapanga risasi tatu juu ya kioo cha kaunta.

Ya kwanza, saizi ishirini na mbili, ilikuwa nyembamba kama kipande cha penseli kilichochongwa kikakaribia kuisha. Ya pili, ishirini na tano, ilikuwa fupi, ukubwa wa mbegu ya ubuyu. Ya tatu, thelathini na mbili, ilifanana na ya pili, ila hii ilikuwa imekula ugali.

Alinieleza taratibu. Ishirini na mbili ni rahisi kupatikana, hairushi mkono, unaweza kufanyia mazoezi siku nzima. Lakini fataki yake, ile baruti ya kuiwashia, imezungushwa ukingoni mwa kitako, na mara mojamoja risasi hugoma kuwaka. Ishirini na tano fataki yake iko katikati, haigomi ovyo, na iliundwa kwa ajili ya bastola za mfukoni hasa. Tatizo, nguvu yake ni haba na siku hizi si kila duka wanayo. Thelathini na mbili ina nguvu zaidi, ila bastola yake ni nzito kidogo, na kibastola kidogo kikibeba risasi yenye nguvu humchapa anayekishika.

"Na chagua vizuri," alisema. "Kibali ni cha bastola ile ile, na bastola inakula saizi moja. Ila kwanza nenda kwenye mafunzo."

Hapo ndipo nilipopotea. Katika yote aliyosema, nilisikia moja tu: chagua vizuri. Mtu asiyependa kutoka nyumbani akiambiwa asiharakishe, umempa zawadi. Fomu ya mafunzo niliibandika ukutani juu ya cherehani, na sikuijaza. Mwezi ukaisha nikiwa naichagua risasi. Jumatatu nilikuwa mtu wa ishirini na tano. Jumatano nilihamia thelathini na mbili. Nilikata suruali nikashona mfuko maalumu, wenye bitana ya turubai, nikaupima kwa kipande cha sabuni. Mfuko ukawa tayari kabla ya chochote cha kuingia humo.

Dada akija nilimhubiria. Alikuwa ananisikiliza huku anakwangua ukoko.

"Kwa hiyo hiyo ndogo inaweza kugoma," alisema.

"Mara mojamoja."

"Basi ni kama wewe. Chukua hiyo, mtaelewana."

Jirani yangu Mkongomani, anayeuza makava ya simu mjini, naye alinikuta siku moja getini nikiagana na dada kupitia nondo. Dada alipopiga hatua, jirani akaniuliza, akiniita kaka kwa lugha ya kwao, "Yaya, hauende naye?"

"Bado sijaamua saizi."

"Eish, vieux, mzee wangu. Miguu iko na saizi, unaijua tayari."

Nilicheka. Lilikuwa neno zuri, nikalikumbuka jioni nzima, na sikufanya lolote.

Jumapili iliyofuata dada alisimama getini muda mrefu kidogo. "Twende mpaka kona tu," alisema. Hakuwa anatania. Nikamjibu kwamba nimeshakaribia, wiki hii naamua. Akaitikia kwa kichwa. Nikafunga geti.

Haikupita nusu saa jirani akamrudisha, amemshika kiwiko. Wezi walimvuta mkoba, yeye akaung'ang'ania, wakamsukuma, akaangukia mkono wa kulia ukingoni mwa barabara. Hotpoti ya pilau yangu ilikuwa mle mkobani.

"Alikuwa anakuita weye," jirani aliniambia, na safari hii hakuwa na mzaha.

Nimejiuliza sana ningefanya nini kama ningekuwepo. Kupigana, hapana, tusidanganyane. Lakini katika kutoa vitu mimi ni bingwa. Ningemwambia, "Achia, dada," naye angeachia, maana mbele yangu haoni aibu kushindwa. Kazi yangu ilikuwa hiyo tu, maneno mawili, na kwa kazi hiyo nilikuwa na silaha tangu utotoni.

Hospitali tulikaa kwenye benchi mpaka makalio yakafa ganzi. Mkono ulikuwa umevimba kama andazi. Ili kunituliza, mimi niliyekuwa mzima, akaniuliza, "Hebu niambie, mwisho ungechukua ipi?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kumweleza. Nilikuwa na jibu. Thelathini na mbili, kwa sababu hii na hii. Nilifika mpaka kwenye fataki ndipo nilipomwona amefumba macho, na chozi limefika kidevuni. Akasema, "Endelea, nasikia."

Mfupa wa kifundo cha mkono uliunga. Vidole viwili havikurudi. Vinakunjika nusu, vinagoma. Hajawahi kunilaumu, hata kwa utani, na huyo ni mtu aliyenitania kwenye msiba wa baba yetu. Fomu niliitoa ukutani bila kuijaza.

Siku hizi Jumamosi napanda taksi kwenda saluni kwake, nafagia nywele, nawapa wasusi rasta nyuzi kwa nyuzi, na wateja wananicheka vizuri tu. Wiki iliyopita aliingia mama mmoja na picha kwenye simu, misuko myembamba kama uzi, ile ambayo watu walikuwa wanatoka mbali kumfuata dada aifanye. Dada aliitazama picha ile kwa muda. Akaikuza kwa kidole cha mkono wa kushoto, akaitazama tena.

"Kaa kwa yule pale," akamwambia mama yule, akimwonyesha msichana wa kiti cha pili. "Mimi nitakuosha kichwa."