Pakiti thelathini za unga wa mitishamba, na wiki niliyodhaniwa mchawi Jeddah

Wakuu, hamjambo popote mlipo, mlio kazini na mlio off.

Hii nimeikalia miaka kadhaa. Nimeamua kuiandika kwa sababu juzi humu dada mmoja aliuliza kama anaweza kutumia ile mitishamba ya Kihindi kwa shida za kike akiwa Saudia, na watu wakamjibu kwa mizaha hadi akafuta swali lake.

Sitaongeza chumvi. Mimi kitu nahesabu mara mbili, kwa hiyo namba mtakazoziona hapa ni zenyewe. Nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Wanaume mnaweza kusoma pia. Kuna damu, lakini hamtazimia.

Kabla ya kwenda nilikuwa na kibanda Kayole. Biashara yangu ilikuwa ya kadogo: sukari ya kikombe, mafuta ya kupima, majani chai ya siku moja. Unanunua mfuko mkubwa, unakata nailoni, unapima kijiko, unafunga fundo. Nilikuwa nafunga hata nikiongea na mteja, bila kutazama mikono.

Hiyo mikono ndiyo iliyoniponza.

Nilienda Saudia kwa kazi za ndani wakati ule kila mtaa ulikuwa na agent na kila agent alikuwa na binamu Riyadh. Nikapata familia. Miezi sita ya kwanza tulikaa Riyadh, kisha mama yake bosi, ambaye sote tulimwita mama kubwa, akapasuliwa goti, tukahamia kwake Jeddah, mtaa wa Aziziya. Baba, yaani bosi mwenyewe, akabaki Riyadh kwa ajili ya kazi yake. Alikuwa anakuja kila Alhamisi.

Kwa hiyo nyumba ilikuwa na madam, yaani mke wa bosi, mama kubwa, mimi, na dereva mmoja Mhindi wa Kerala aliyeitwa Basheer. Ghorofa mbili, vyoo vitano. Vyoo nilivihesabu siku ya kwanza, mnaelewa kwa nini.

Jina langu ni Nduku. Madam alishindwa nalo, akaniita Duku. Sikubishana.

Sasa, shida.

Hedhi ilikuja Jeddah kama kawaida, ila haikuondoka. Wiki ya kwanza nikasema ni mabadiliko ya hewa. Ya pili nikasema ni ngazi. Ya tatu nikaacha kusema.

Madam alikuwa ananinunulia pakiti moja ya pedi kwa mwezi. Mimi nilikuwa namaliza moja kwa siku tatu. Nikachana shuka moja kuukuu la store, nikalikata vipande ishirini na nne, nikawa naloweka kwenye ndoo ya bafu langu na kuanika ndani, nyuma ya mlango.

Mtaniuliza mbona sikusema. Kwa agent tuliambiwa waziwazi: mfanyakazi mgonjwa anarudishwa. Na nyumbani nilikuwa na watoto wawili ambao shule ilikuwa imewafungulia mlango kwa ahadi yangu tu ya kutuma karo. Kwa hiyo nikawa napanda ngazi nikishika ukuta, na madam akiniuliza nasema nimelala vibaya.

Aliyegundua ni Basheer.

Si kwamba nilimwambia. Tukitumwa sokoni nilikuwa namwomba asimame dukani kidogo, natoka na mfuko mweusi. Mara ya tatu kwa wiki moja. Mwanaume mwenye mke na mabinti watatu anajua mfuko mweusi una nini. Siku moja akanipitishia simu nyuma ya kiti akitazama barabara: "Sista, ongea na mke wangu."

Yule mama alikuwa Kerala, sijawahi kumwona mpaka leo. Kiingereza chake na changu vilikutana katikati. Akaniuliza siku ngapi, rangi gani, kama kuna mabonge. Akaniambia kwao wanawake hutumia unga wa gome la mti unaoitwa ashoka kwa damu nyingi, na mzizi unaoitwa shatavari kwa kuurudishia mwili nguvu, asubuhi, na maziwa ya uvuguvugu. Lakini akasema pia, na hili ni lazima niliandike: "Daktari kwanza."

Mimi nikasikia ashoka. Daktari sikumsikia.

Duka liko Hindawiya, mtaa wa wafanyakazi, wenye maduka madogo yanayonukia viungo hadi barabarani. Mwenye duka ni mtu wa kwao Basheer. Akanitolea kopo zuri, lina picha ya majani na maandishi ya Kiingereza na Kiarabu: jina la dawa, kiasi, kila kitu.

Nikaanza kazi yangu. Nikamwambia mimi kopo silili. Akacheka, akataja bei nyingine. Nikageuka kama naondoka. Tukaishia unga wa kupima kutoka kwenye debe, ashoka na shatavari zikichanganywa pamoja, umefungwa kwa gazeti la kwao lenye herufi za mviringo kama pete. Karibu nusu ya bei. Nilirudi kwenye gari nimejaa maringo.

Sasa hewa ya Jeddah ina maji. Unga ukiacha wazi siku mbili unakuwa jiwe. Nikafanya nilichojua kufanya maishani. Nikachukua mifuko ya sandwichi, nikakata nailoni vipande vipande, nikapima kijiko, nikafunga kila pakiti fundo kwa uzi mweusi wa kushonea.

Thelathini. Nikazipanga chini ya godoro juu ya lile gazeti.

Siku ya arobaini na mbili ya damu nikaanza kunywa. Siku nane nikanywa pakiti nane. Zilisaidia? Siku ya sita nilidhani imepungua. Siku ya saba nilidhani nilidhani tu.

Jumatatu, siku ya hamsini, nikainua godoro. Zinapaswa kuwa ishirini na mbili.

Ishirini na moja.

Nikahesabu tena. Nikavua foronya. Nikapiga magoti nikapapasa sakafu yote. Ishirini na moja.

Wakuu, ukipoteza mia mfukoni unasema nimekula. Mimi pakiti siwezi kukosea. Mtu aliingia chumbani kwangu, akainua godoro langu, akachukua moja, akarudisha godoro vizuri.

Na hakuna aliyesema kitu.

Hicho ndicho kilichonimaliza. Madam alinisalimia vizuri kama jana. Lakini chai niliyopika hakuinywa. Alijipikia yake. Mama kubwa, ambaye alikuwa anapenda nimkande goti, akasema goti limepona. Simu za Riyadh zikawa zinapigwa mlango ukiwa umefungwa, na nikipita na ufagio sauti zinashuka.

Nikaacha kunywa ule unga. Niliogopa hata kuugusa.

Jumanne nikamwambia Basheer ndani ya gari kwamba imepotea moja. Akaniuliza moja ya nini, si ulikuwa mfuko mmoja? Nikamweleza nilivyofunga. Nikamwonyesha kwa vidole: nailoni, uzi mweusi, fundo.

Akaegesha gari kando.

Basheer ni Mwislamu, mimi ni wa kanisa, na kuna jambo alilijua tangu utotoni ambalo mimi sikulijua kabisa. Akaniambia taratibu, kwa kile Kiarabu chetu cha kuokoteza, kwamba ndani ya Kurani kuna dua ya kuomba ulinzi dhidi ya wanaopuliza mafundoni. Kwamba mafundo ya uzi yaliyofichwa ndani ya nyumba, kwa watu hawa, yana jina moja tu. Sihiri, yaani uchawi. Na ya kwangu yalikuwa ishirini na moja, yamelala juu ya karatasi yenye maandishi ambayo hakuna hata mmoja wa familia ile anayeweza kuyasoma.

"Sista, mbona hukuacha kwenye mfuko mmoja?"

Nikamwambia huo ndio ustadi wangu.

Hakucheka. Akasema, "Nina mabinti watatu. Wakiuliza nani alikupeleka, mimi na wewe halas, tumekwisha." Kwa sababu hata tukitoka kwenye uchawi, kulikuwa na kesi ya pili: dereva na mfanyakazi wamekwenda wapi wawili bila ruhusa?

Nilifikiria kuzitupa chooni. Lakini walishajua zipo. Zikitoweka ndiyo ushahidi kamili. Nilifikiria kusema mwenyewe. Nikifika mlangoni kwa madam nageuka na ufagio wangu. Jumatano nilipika wali mara mbili kwa kusahau kwamba nimeshapika.

Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, baba akafika kutoka Riyadh. Nikaitwa sebuleni.

Mama kubwa amekaa na tasbihi. Madam ana bakuli langu la kukandia, ndani yake zile ishirini na moja na gazeti. Baba akatoa leso mfukoni, akaifungua juu ya meza. Ndani yake pakiti yangu ya ishirini na mbili. Ilikuwa imetumwa Riyadh kwa sheikh wanayemwamini na imerudi, imepanda ndege mara nyingi kuliko mimi mwaka ule.

Nitasema ukweli, baba hakupaza sauti. Akaniuliza ni nini. Nikasema ni dawa. Akauliza dawa ya nini.

Nikanyamaza.

Mnaelewa? Mwanaume ambaye hajawahi kuona hata nywele zangu. Nimwambie nini, kwamba natoka damu? Kwetu pia hilo halisemwi mbele ya mwanaume wa watu. Nikatazama zulia. Na kadiri nilivyonyamaza ndivyo nilivyozidi kuwa mchawi. Mama kubwa akauliza dawa ya kumfanya nani, mwanawe au yeye? Baba akasema kama sina jibu kesho ataliacha swali kwa polisi.

Nikasema, "Madam, nitakwambia kila kitu. Lakini si mbele ya mwanaume."

Mama kubwa akamwambia madam, "Anataka akuroge ukiwa peke yako." Madam akasimama hata hivyo.

Nikampeleka bafuni kwangu, nikafunua ndoo.

Akaangalia ndoo. Akaangalia vile vitambaa vya shuka lake nyuma ya mlango. Kisha akaniangalia mimi, usoni, macho, ndani ya kope, nadhani kwa mara ya kwanza tangu Riyadh.

"Siku ngapi?"

"Hamsini na tatu."

"Umehesabu vizuri?"

"Mara mbili, madam."

Akakaa kwenye kitanda changu. Akauliza kwa nini sikumwambia. Nikasema, "Ungenirudisha Kenya."

Nilitegemea akatae, kama watu wanavyokataa. Akafikiria. Akasema, "Ndiyo. Ningekurudisha."

Halafu akauliza nani alinipeleka dukani. Nikaanza kukunja vile vitambaa. Nyumba ina dereva mmoja, na madam si mjinga. Akangoja kidogo, akasema halas, na hilo swali hakulirudia mpaka naondoka.

Alichowaambia kule sebuleni sikukisikia. Baba alitoka akaenda zake msikitini bila kunitazama, na polisi hawakutajwa tena.

Mama kubwa ndiye hakuridhika. Dawa au si dawa, akasema, mafundo hayalali nyumbani mwake. Kwa hiyo nilikalishwa jikoni na beseni la maji, nifungue moja moja huku yeye akisoma dua juu ya kichwa changu. Ishirini na mbili. Nilifika ya kumi na nne mikono ikakataa, vidole havishiki uzi. Yule bibi, bado anasoma, bado amenuna, akaburuta kiti, akachukua mkasi, akamalizia nane zilizobaki yeye mwenyewe. Mpaka leo sijui kama alinihurumia au alikuwa anawahi sala ya magharibi.

Jumamosi madam akanipeleka kliniki. Daktari mwanamke, Mmisri. Damu yangu ilikuwa imeshuka kiasi kwamba aliuliza nimepandaje ngazi za kliniki. Akapima kwa mashine: fibroids, uvimbe kwenye kizazi, na mmoja ulikuwa mkubwa.

Akauliza nilikunywa nini. Nikasema ashoka. Akasema anajua wanawake wa India wanaitumia tangu zamani na haidharau. Lakini unga wa debe, umechanganywa na mwingine, hauna jina, hauna kiasi, yeye ataandika nini kwenye faili? Akaandika "haijulikani". Nikalazwa siku mbili, nikaongezewa damu, nikapewa vidonge.

Hawakunirudisha. Nilimaliza miezi iliyobaki, nikiwa na pakiti tatu za pedi kwa mwezi bila kuomba. Uvimbe niliutoa baadaye, huku nyumbani.

Basheer alinisamehe, nadhani. Aliniendesha sokoni kama zamani. Lakini ile simu hakunipitishia tena, na yule mama wa Kerala sikuwahi kumshukuru. Hilo bado linaniuma.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Mitishamba si adui, na mimi siwatukani wanaoitumia. Ila ukiwa kwa watu, dawa yoyote ikae kwenye kopo lake, mezani, mtu aione. Kitu cha kawaida kwenu kinaweza kuwa kesi kwao. Na damu ikipita wiki mbili, achana na ushauri wa humu ndani, pamoja na wangu, tafuta daktari.

Madaktari na manesi mliomo humu nirekebisheni nilipokosea. Mliokaa Saudia, semeni mlivyofanya nyinyi. Wenye mizaha, uzi wa mpira uko kule juu.

Na wewe dada unayesoma hii ukiwa bafuni, kwa sababu ndipo pekee mlango una komeo, andika namba tu hapo chini, jina usiweke. Uko siku ya ngapi?