Pigo la Fundi Bomba

Fundi bomba hakuketi hata siku moja kabla ya kuipanguza meza ya baa kwa mkono wa sweta, kana kwamba anasafisha santuri. Kila Jumamosi mchana, pale Stoke, Uingereza, mashabiki wa bendi moja ya zamani walibishana, Gwenda akimpigania mpiga kinanda, Clive mpiga besi. Yeye aliwaacha wachoke, kisha akagonga meza kwa vidole viwili vyenye makovu: mapigo saba, tena saba, halafu pigo moja la kuruka.

"Dakika ya kumi na nne ya wimbo wao 'Askofu Majini'," alisema. "Mpiga ngoma anawaruka wenzake wote. Hamsikii? Masikio hayo ni ya kuvalia hereni tu?"

Gwenda hakuwahi kulisikia pigo hilo kwenye santuri yake, lakini kwa miaka kumi na tisa aligonga meza pamoja naye, asije akaonekana mshamba. Clive vilevile.

Juzi mwenye baa akapiga santuri mpya ya wimbo huohuo. Dakika ya kumi na nne ikaja, ikapita, wala hakuna kilichoruka.

"Bwana mkubwa, santuri yako ya nyumbani ina mkwaruzo!" Clive akaangua kicheko. "Sindano ndiyo inayoruka!"

Fundi akafuta povu la bia mdomoni. "Hii yenu ndiyo mbovu. Rudisha mwanzo."

Wakairudisha, huku Gwenda akicheka mpaka machozi. Dakika ya kumi na nne ilipofika, vidole vya Gwenda vikaligonga lile pigo vyenyewe, na vya Clive, na vya baa nzima. Aliyekosea alikuwa mpiga ngoma peke yake.