Mwanga Uliotoka Chini

Bujumbura wapiga picha ni wengi kama mbu wa mtaa wa Buyenzi. Wanaojua kuweka taa ni wachache, na wa kwanza kati yao ni mimi. Sijisifu, nasema kilichopo. Shule niliiacha nikiwa bado nasoma kwa kufuatisha kidole. Nikaenda kumbebea mabegi mpiga picha mmoja wa harusi, na wenzangu walipokuwa wanamtazama bibi harusi, mimi nilitazama kivuli cha pua yake. Kivuli cha pua ndicho kinachokuambia taa imekaa wapi. Hilo hakuna mtu aliyenifundisha.

Leo nina nyumba yangu ya matofali ya kuchoma, na sebule yake ndiyo studio. Makochi niliyapeleka barazani. Ukutani nilifunga bomba la maji, nikaning'iniza vitambaa vya nyuma: cheupe cha picha za kitambulisho, cha buluu, na kimoja cha kuchorwa chenye ngazi na maua kama hoteli. Taa mbili kubwa nilizinunua kwenye maduka ya mtaa wa Asiatique, zinatumia betri ya gari, kwa sababu ukingoja umeme wa mji huu wateja wako watazeeka. Msumarini kuna koti moja jeusi la kila mtu, maana si wote wanaokuja na koti.

"Na wageni wangu watakaa wapi, baba watoto?" mke wangu aliniuliza siku ile ya kwanza. "Kwenye ile ngazi ya kuchora?"

"Wapande," nikamjibu. "Juu kuna nafasi."

Lakini kazi iliyonipa jina si harusi wala vitambulisho. Ni ya wafu. Watu wetu wanakufa bila picha ya heshima. Siku ya kuondoa kilio, yaani kumaliza matanga, ikifika, ndugu wanahangaika na kipicha cha simu ambamo marehemu ameshika chupa. Wapiga picha wengine wanakata kichwa hicho na kukibandika juu ya suti yoyote waliyoiokota kwenye intaneti, kinakaa kama boga juu ya ukuta. Mimi sifanyi hivyo. Mimi namkalisha ndugu yake wa damu kitini, namvika koti la marehemu mwenyewe, naweka taa zangu zimpige kama mwanga ulivyompiga marehemu siku ile ya kipicha. Halafu ndipo nachukua kichwa. Shingo inakubali. Hata daktari hawezi kuona mshono.

Ndivyo alivyonifikia yule mama. Alikuja mchana na mwanawe mkubwa, kijana wa ndevu, amebeba mfuko wa plastiki wenye koti la kijivu. Mwanawe mwingine, mbebaji mizigo wa bandarini, alikuwa amepanda boti ya mizigo, ikapinduka ziwani upande wa Kajaga. Wengine waliokolewa. Yeye hakuonekana, si mzima, si maiti.

"Ziwa ilikataa kumurudisha," mama akasema, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu asiyetaka kukichafua. "Sasa familia wanataka tuondoe kilio tarehe mosi. Mi nimewaambia, bila picha yenye kufanana naye, hakuna kuondoa kilio. Nizike nini? Koti?"

"Bado anamuwekea chakula," kijana akasema akitazama sakafu. "Kila magaribi. Anafunika sahani."

"Nyamaza, we."

"Mama," nikamwambia, "umefika. Mimi nikikutengenezea, utamuona amekaa hapa."

Picha yenyewe ilikuwa kwenye simu ya rafiki wa marehemu. Amesimama bandarini asubuhi, jua limempiga shavu la kulia, mdomo nusu wazi kana kwamba anamwita mtu. Niliivuta ikawa kubwa, nikatazama kivuli cha pua. Hicho kilikuwa rahisi: taa moja, uchi, bila mwavuli wa kupoza mwanga, juu upande wa kulia. Ila chini ya kidevu, mahali panapotakiwa kuwa na giza, palikuwa na mwanga. Mwembamba, wa baridi, unapanda mpaka matundu ya pua. Mwingine asingeuona.

Nikaanza kuning'iniza kitambaa cha buluu. Mama akainuka.

"Apana bulu, baba. Apana."

Nikaelewa, ni rangi ya maji. Cheupe kingemfanya mtu wa kitambulisho, na zile ngazi na maua, hapana. Nikang'oa pazia la kahawia la dirisha la chumbani, nikalipiga pasi ya mkaa mpaka likanyooka. Mke wangu alisimama mlangoni amejishika kiuno, akamuona yule mama, akashusha mikono. Madirisha tukayaziba kwa magodoro. Joto likajaa humo ndani mpaka ukuta ukatoa jasho.

"Haya," nikamwambia kijana. "Vaa koti, kaa."

Hakusogea.

"Mi sikai pale, muzee. Kiti ya mufu, mutu wa tumbo moja naye haikalie. Akikaa, anamufuata."

"Unaogopa koti? Mutu mukubwa, ndevu imeota, unakimbia kitambaa?"

"Basi ukae we. Si ni we unajua vyote?"

Mke wangu akasema kule mlangoni, "Auzubillahi, baba watoto, usijaribu."

Hapo ndipo nilipolivaa. Mtu akiniambia nisijaribu, ameshanituma. Koti lilinibana kwapani, lakini mabega yalikubali. Lilikuwa na harufu ya sabuni. Lilikuwa limefuliwa, limefuliwa tena. Nikakaa. Nikamwelekeza kijana asimame nyuma ya kamera, nikamwonyesha kitufe.

Mama akaja mbele yangu. Akanitazama, si usoni, kifuani.

"Bega ya kuume ishuke," akasema. "Alikuwa anabeba mifuko kwa hiyo."

Nikashusha.

"Tena."

Nikashusha mpaka mbavu zikauma.

"Hapo. Bakia hapo."

Mkono wake ulikuwa umenigusa begani kunirekebisha, ukabaki. Aliutoa polepole.

Palibaki ule mwanga wa chini. Nikachukua frigolite, ule ubao mwepesi mweupe unaofungiwa televisheni, nikaulaza sakafuni mbele ya magoti yangu, taa ikaupiga, nao ukanirudishia mwanga kifuani na chini ya kidevu. Nikajitazama kwenye kioo kidogo cha wateja. Ulikuwa ndio wenyewe.

"Na hii ya chini ni ya nini?" mama akauliza.

Ningeweza kumwambia ni mambo ya ufundi. Nikamwambia kweli.

"Ni ziwa, mama. Alikuwa amesimama karibu na maji. Jua likapiga maji, maji yakamurudishia usoni."

Akautazama ule ubao chini.

"Itoe."

"Nikiitoa, kichwa na kifua vitakuwa vya watu wawili. Watu wataona."

Nje muuza mkaa alikuwa anabishana na mtu juu ya gunia.

"Iache basi," akasema. "Imeshamukamata."

Kijana hakutaka kukaa kitini, lakini kubonyeza kulimlazimu aangalie. Aliweka jicho kwenye kamera. Aliona nini sijui: koti la mdogo wake, bega limelala, pazia nyuma. Akabonyeza mara moja, akaenda kujibanza ukutani kwenye bomba la vitambaa. Picha moja. Ilitosha.

Kichwa nilikifanyia kazi mpaka macho yakawasha. Wallahi sijafanya nyingine kama ile. Shingo, kola, ule mwanga wa ziwa unapanda kutoka kifuani mwangu unaingia kidevuni mwake, hakuna mahali unaposema hapa ni fundi, hapa ni marehemu. Nikaichapisha kubwa, nikaitia fremu.

Mama alipokuja kuichukua nilimkalisha barazani kwenye makochi, nikaifunua mbele yake kama wanavyofunua zawadi. Alikaa nayo magotini. Nilingoja. Wateja wangu huwa wanalia, halafu wananishika mkono, wananiita mchawi.

"Ni yeye," akasema.

"Si nilikuambia?"

"Uliniambia." Alipitisha kidole kwenye bega lililolala. "Mi nilikuwa nazani utashindwa."

"Mimi sishindwi, mama."

"Ndiyo. Nimeona." Akaifunika na kitenge chake. "Kuna wanaosema mutu alitokea ng'ambo ya Kongo, hai, wavuvi walimuokota. Nilisema, ile picha ikikataa kufanana, nitangoja. Sasa imefanana."

Hakulia. Aliinuka, akaniaga vizuri kwa heshima zote, akaiacha chai yake imejaa.

Kwenye kuondoa kilio walinialika. Picha waliiweka juu ya kiti, na wanaume walipita wakisema, mutu huyu fundi, mutu huyu hatari, na mimi nilisimama nikasikia sifa zangu zote. Niliketi, nikala. Sahani ya kufunikwa haikuwepo mezani. Niliitafuta kwa macho, sikuiona.

Koti mama alikataa kulichukua. Alimtuma kijana aniambie limeshazoea mabega yangu. Pazia mke wangu hakulirudisha dirishani. Alilikunja, akanipa nilitie pamoja na vitambaa vyangu. Koti liko msumarini, karibu na lile jeusi la kila mtu. Ni zuri kuliko jeusi, kwa hiyo wateja wa vitambulisho mkono wao unalielekea hilo kwanza.

"Apana," nawaambia. "Hilo lina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

Nawasogezea lile jeusi, nawanyoosha kola, nawaambia wasipepese macho.