Mayai ya Ufa na Chungu cha Uto

Mjukuu wangu anasuka nywele za watu pale Sofu, ana kibanda chake na kioo kirefu. Juzi nilikaa kwenye benchi lake nikamsikia anamwambia mteja, "Dada, nywele zako zimezidiwa protini. Sasa hivi zinataka maji na mafuta. Zikishalainika ndiyo turudie protini, tena kidogo." Mteja akauliza protini ndiyo nini. Akamjibu, "Ile ya kwenye mayai."

Nikainuka nikaenda kukaa nje. Mjukuu akanifuata: "Bibi, vipi, harufu ya dawa imekushinda?" Nikasema ndiyo, harufu. Haikuwa harufu. Ilikuwa aibu, na aibu yenyewe ina miaka mingi kumzidi yeye.

Naandika kwa mkono wangu. Shuleni nilikomea la pili. Kuandika nimejifunzia ukubwani, kwenye kisomo, ndani ya ghala la korosho, mwalimu akitumia mkaa kwa kuwa chaki zimekwisha. Basi nikipotea njia mnivumilie, nitarudi.

Miaka ile nilikuwa kibarua kwenye shamba moja la kuku Kibaha. Kazi yangu kuokota mayai, kuyafuta kinyesi, kuyapanga kwenye trei. Yenye ufa hayakwenda kuuzwa, Jumamosi tuligawana sisi wafanyakazi. Mayai nilikula mpaka nikayachukia. Kilichokosekana ni sabuni. Ukisikia imefika duka la ushirika unatoka mbio na ndala mkononi, ukifika unakuta watu wanakunja maboksi matupu. Ndipo wanawake wa pale tukaanza kuoshea nywele mayai. Yai linatoa povu kidogo, ukilisuuza nywele zinasimama, zinang'aa, mtu anadhani umetoka mjini. Na mimi nilipenda sana kudhaniwa hivyo.

Aliyetuonyesha alikuwa mwalimu mmoja wa kike, alifundisha kina mama upishi na ushonaji, nywele zake nyingi mpaka kilemba kilikuwa hakikai. Alituambia, "Yai mara moja kwa mwezi, basi. Linazipa nguvu lakini linazikausha. Ukishalisuuza, zinyweshe maji, paka uto wa nazi, uziache zipumzike. Msizidishe." Sitasema sikusikia. Nilisikia vizuri sana. Ila uto wa nazi ndicho kitu nilichokuwa nimekikimbia nyumbani.

Mama yangu, kule Marui, alikuwa mpika uto. Anakuna nazi, anakamua tui, analichemsha kwenye chungu chake cheusi mpaka mafuta yanaelea juu, ndio huo uto. Kila nyumba yenye mwali walimwita. Kwa asiyejua desturi yetu Wazaramo, msichana akivunja ungo alikuwa anawekwa ndani miezi, haoni jua, hakatwi nywele, mpaka siku ya kumtoa na kumcheza ngoma. Siku hiyo wanawake wanamtazama kila mahali, na wanaanza na nywele. Kuzilainisha nywele hizo ndiyo ilikuwa kazi ya mama yangu. Hakuwa na shamba la maana wala mume, mume alishatangulia. Alichokuwa nacho ni hicho chungu, na nafasi yake kwenye mkeka wa mbele, ubavuni kwa kungwi, yule mama mtu mzima anayewafunda wali. Bila hicho alikuwa mjane kama wajane wengine.

Mimi wenzangu utotoni waliniita Machicha, kwa harufu ya nazi iliyokamuliwa niliyotoka nayo nyumbani. Nafikiri ndiyo iliyonipeleka Kibaha. Ingawa nilikuwa nasema nimefuata kazi.

Basi, binti wa kaka yangu akavunja ungo, akawekwa ndani kwa mama. Alikuwa ameshaposwa na watu wa Masaki, hii ya kwetu Kisarawe, si ile ya mjini, na wanawake wa huko wangekuja siku ya kumtoa. Kwetu shangazi ana sauti kwa mwali, na mimi sauti nilikuwa nayo, tena kubwa. Nikatamka: nywele za huyu ni zangu.

Kila Jumamosi jioni nilifika Marui na kikapu. Unapanda basi la kwenda mjini, unashuka, unapanda la Kisarawe, halafu miguu. Mayai niliyafukia kwenye maranda yasivunjike zaidi. Jumapili asubuhi namkalisha mwali kwenye kigoda chumbani, navunja sita kichwani, nasugua, nafunga kitambaa. Kila wiki. Siku moja nikaona maji ya kisima ni ya baridi, nikamsuuza na ya moto. Mayai yakaiva humo humo. Mchana kutwa yule mtoto alichambua vipande vyeupe kwenye nywele, na mama mlangoni akacheka mpaka akashika nguzo.

"Mwanangu, hivi unaosha kichwa au unakaanga kitumbua?"

"Mama, haya ni mambo ya kisasa."

"Sawa. Ila ukishamaliza mapishi yako uniachie nimpake uto. Nywele zina kiu hizo."

"Uto unashika vumbi. Unataka watu wa Masaki waseme tumemtoa mwali ananuka chicha?"

Mama akaacha kucheka. Akasema, "Haya, shangazi mtu," akaenda zake. Tangu siku hiyo hakumgusa tena kichwa. Nilimkataza mpika uto wa kijiji kizima asimpake mjukuu wake mwenyewe.

Mwanzo zilipendeza, lazima niseme kweli. Zilisimama, nene, zikawaka. Mwali akajitazama kwenye kipande cha kioo akatabasamu. Kufika mwezi wa tatu zikawa kama makumbi ya nazi. Ukipitisha kitana unasikia tik, tik.

"Shangazi, zinakatika."

"Hazikatiki, zinatoa za zamani."

"Mbona za mbele ndio zinaisha?"

"Ukizungumza sana mwali hupendezi."

Nikaongeza mayai. Wiki ile sita, wiki ifuatayo nane. Mimi nilijua dawa moja tu, na ilipoharibu nikaizidisha. Zilizokatika nilizikusanya kwenye khanga yangu, nikaenda kuzifukia nyuma ya choo mama asizione.

Siku ya kumtoa ikafika. Ngoma uwanjani, wanawake wa Masaki wamejaa mkekani, mama yuko mbele pale pake. Mwali akaletwa amefunikwa khanga mbili. Kungwi akaifunua ya juu, vigelegele vikaanza, halafu vikafa. Juu ya paji la uso palikuwa peupe kiganja kizima. Pembeni zimebaki vishungi vishungi, vikavu. Mwali akainamisha kichwa, akajifunika kwa mikono.

Mmoja wa wageni akasema, wala hakupaza sauti, "Jamani, huyu alitunzwa au alifungiwa na panya?" Wenzake wakaguna kucheka.

Kungwi akageuka. "Nani alikuwa na nywele za mwali huyu?"

Nilikuwa nimesimama, nywele zangu zinang'aa. Mdomo ukafunguka wenyewe. Hapana, haukufunguka wenyewe, nimeufungua mimi. Nikasema, "Mama alimpaka uto uliochacha."

Mama aliniangalia. Nilingoja akanushe mbele za watu, nilikuwa hata nimeshaandaa la kujibu. Akaniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka jina lako. Kisha akasema, "Ni kweli. Ni mimi." Akainuka pale mbele, akaenda kukaa nyuma kabisa pamoja na wachota maji.

Mwali walimfunga kilemba, ngoma ikaendelea. Masaki hawakuvunja posa, na nywele ziliota tena baadaye huko kwa mumewe. Aliwahi kuniambia, "Shangazi, mimi nilikuwa mwali, sikuruhusiwa kusema. Wewe je?" Akanikaribisha chai. Chai ile nilikunywa nusu.

Lakini mama hawakumwita tena. Nyumba baada ya nyumba wali wakatolewa, ngoma anazisikia akiwa barazani. Mara ya mwisho nilipomkuta hai, kile chungu amekitoa nje, kuku wanakinywea maji. Nikasema, "Mama, mbona chungu?" Akajibu, "Kuku nao wana kiu." Nilikuwa na nafasi hapo ya kusema. Nikamuuliza kama amekula.

Baada ya arobaini yake nilikwenda kwa kungwi, amezeeka, macho hayaoni vizuri. Nikapiga magoti. "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba." Nikamwambia yote, mayai, maji ya moto, nywele nilizofukia. Alinisikiliza akichambua mchicha kwa vidole, nilipomaliza akasema, "Tulijua siku ile ile."

"Mlijua?"

"Mtoto alinuka yai, mwanangu. Uto uliochacha tunaujua harufu yake, sisi ni wa kuambiwa?"

"Sasa mbona mlimwacha mama yangu kukaa nyuma?"

"Yeye si alisema mwenyewe kuwa ni yeye? Mtu mzima akitamka neno mbele ya mwali, wa kulifuta ni yule aliyemfanya alitamke. Tulikungoja uje. Tulidhani utakuja ile wiki."

Akaendelea na mchicha wake. Nikakaa pale nikamsaidia kuchambua, kwa sababu sikujua niondoke vipi.

Chungu ninacho hapa Kibaha. Mjukuu wangu juzi ameniuliza kama najua kupika uto wa zamani, wateja wanauulizia. Nimemwambia nitampikia, lakini kwanza akae chini nimsimulie ulikuwa wa nani. Amesema, "Bibi, nitakuja Jumapili." Ndiyo maana nimeandika haya, nisije nikaanza tena kumuuliza kama amekula.