Mfasiri wa Sabato

Kwenye fomu ya kuomba chuo, mwalimu wetu wa darasa alinishauri niandike klabu ya mdahalo. Nilikuwa mwanachama, kweli, ila miaka yote ile sikuwahi kusimama kusema neno. Nilikaa nyuma nikila njugu.

"Andika hiyo, na uigizaji pia," akasisitiza. "Vyuo hupenda hivyo."

Wenzangu wote alikuwa amewaambia vivyo hivyo. Nikamshuku: alitaka shule ing'are, sisi tulikuwa kitambaa cha kuing'arishia tu.

Nje ya masomo, kitu nilichokifanya kwa moyo kilikuwa kimoja. Mhubiri mgeni alipokuja kanisani kwetu Magwagwa na kuhubiri kwa Kiswahili, mimi ndiye niliyesimama ubavuni pake nikiwafasiria wazee na akina mama kwa Ekegusii, lugha yetu. Nilipomwambia mwalimu, alikunja uso. "Kanisani kila mtu husaidia. Wataona umekosa la kusema." Nikaliandika hilo peke yake, nikamtaja mzee wa kanisa kuwa shahidi wangu, nikaweka na nambari yake ya simu.

Sikumwonya mzee. Siku moja nikiwa nachuma majani ya chai, nilimwona akija kati ya mistari, simu ameishika mbali na mwili kana kwamba itamuuma.

"Kuna mtu humu anajua jina lako na shule yako," akasema. "Umefanya nini?"

"Ni watu wa chuo, tata. Wanataka kukuuliza habari zangu."

"Na yule tapeli wa juzi alisema ni wa benki."

Simu ilikuwa haijakatwa. Nikabonyeza spika, nikamsalimu mwanamume wa upande wa pili. Mzee alikataa kujibu kwa Kiswahili. Alikielewa cha sokoni, lakini hakutaka kunaswa kwa lugha ya watu.

"Basi wewe tafsiri," mwanamume akaniambia. "Ila nitajuaje kwamba unaniambia alichosema?"

Nikamuuliza mzee ananifahamu vipi.

"Mwambie unafasiri vizuri," mzee akaanza kwa Ekegusii. "Ila mwambie pia kwamba mhubiri akitukemea, wewe hutupunguzia makali. Juzi alituita wanafiki, wewe ukasema tumesahau kidogo. Nilisikia."

Kikapu kilinilemea mgongoni. Miaka yote nilidhani hakuna aliyegundua. Mzee alinikazia macho mdomoni, akingoja kuona kama nitapunguza na hili. Nikalisema lote, wanafiki na kusahau kidogo.

Mwanamume alishukuru, akakata. Mzee aliifuta simu kwa shati, akaondoka bila kuaga. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba yule mtu alikuwa amecheka kidogo mzee alipokuwa bado anaongea, kabla mimi sijafungua kinywa.

Chuo kilinichukua. Siku ya kuripoti niliitambua sauti ile ya simu kwenye meza ya usajili: mwanamume wa makamo, Kiswahili chake cha Nairobi kabisa. Nikamwamkia makusudi kwa Ekegusii, "Bwakire."

Aliinua macho, akanitazama kwa muda. "Karibu chuoni," akasema, kisha akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Nilimaliza masomo yangu pale bila kumsikia akitamka hata neno moja la Ekegusii. Bado simwamini.